Kasri kwa Bei ya Soseji

Hapana, hakuliuza. Wanaosema Pandele Ciurea aliliuza kasri wanampa sifa ambayo mwenyewe hakuifikia. Vingine aliuza, hilo silikatai. Aliuza tiketi za treni iliyokwisha kuondoka. Aliuza maji ya bomba kwenye chupa akasema yamechotwa kwa watawa huko milimani. Mwaka mmoja alimuuzia daktari wa meno meno ya bandia, na meno yenyewe yalikuwa ya daktari huyohuyo, aliyasahau kwenye glasi hotelini. Lakini kasri alikaribia tu. Na mtu wa kazi ile ni heri akose kabisa, maana aliyekosa hulala, aliyekaribia hukesha.

Umeuliza ile nyama iliyolisha mtaa mzima ilitoka wapi. Nyama ilianzia dirishani, pale panapokatwa tiketi.

Ilikuwa hapahapa Bukareshti, miaka ile baada ya Mkubwa wa nchi kuangushwa, pesa zinayeyuka mfukoni kama theluji. Ukiuza koti asubuhi, jioni pesa yake hainunui kifungo. Watu wenye akili zao walikuwa wanalipana vitu. Fundi bomba analipwa mayai, wakili analipwa alizeti, na mwalimu halipwi, kama kawaida. Basi siku hiyo ya Jumanne, mwezi wa kumi, mvua ya rasharasha, Pandele alikuwa kwenye foleni ya kasri la zamani. Si kwamba alipenda mambo ya wafalme. Ndani kukavu, na wageni husahau miavuli.

Mbele yake alisimama bwana mmoja mnene, kofia ya manyoya, ananuka kitunguu saumu hadi foleni imemwachia nafasi. Akainama dirishani akauliza bei. Mama wa tiketi akamtajia. Yule bwana akacheka kidogo.

"Si ya kuingia, mama. Bei ya lote."

Mama wa tiketi akafikiri anataka tiketi ya vyumba vyote, akamtajia na hiyo. Yule bwana akasema sawa, na bustani pia, na ile nyumba ya farasi, na hati iandikwe kwa jina la Buzdugan.

Kuna watu wakisikia kengele ya kanisa huvua kofia. Pandele alisikia kengele yake, akaivaa kofia vizuri.

Lakini ngoja nikuambie habari ya mama yake, la sivyo utamwona mwizi tu, na wezi tunao wengi, hawahitaji kusimuliwa. Mama yake aliitwa Safta. Alikufa miaka saba nyuma. Na kwetu maiti hazikwi siku moja yakaisha. Kuna meza ya siku ya tatu, ya siku ya tisa, ya arobaini, halafu kila mwaka hadi mwaka wa saba. Unapika, unawapa majirani na maskini, unamtaja marehemu. Anayepokea anasema, "Mungu awapokee wafu wako," na akila yeye hapa, marehemu ameshiba kule. Akishasema hivyo kitu kimevuka. Kukitaka urudishiwe ni kumpokonya maiti tonge mdomoni, na mtu wa hivyo hata mbwa wake humhama.

Sasa Pandele meza zote hizo alikuwa amezila mwenyewe. Ya arobaini ilikwenda na dado. Ya mwaka wa kwanza ilimkuta jela. Ya pili alimpa mwanamke mmoja, alisema anajua kupika, kumbe alijua kuondoka. Na tangu masika yale mama alikuwa anamjia ndotoni. Hagombi, hasemi kitu. Anasimama tu na bakuli tupu, anamtazama mwanawe akila. Jumamosi ijayo ndiyo ilikuwa inatimia miaka saba, tena ikaangukia Jumamosi ya wafu, ile ya vuli. Baada ya hapo hakuna meza nyingine. Jumamosi ikipita hivihivi, Safta atasimama na bakuli lake mpaka kiama. Na Pandele mfukoni alikuwa na funguo mbili na nusu ya kitana.

Basi akakohoa, akamgusa yule bwana bega kwa kidole kimoja.

"Ndugu yangu," akasema, "kuuliza bei ya kasri dirishani ni kama kumposa binti kwa mpishi. Anaulizwa mwenyewe."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

Pandele akaitazama mvua, akashusha pumzi ya mtu aliyechoshwa na kuta.

"Ananyeshewa."

Walikwenda kunywa gongo ya plamu ng'ambo ya barabara, Buzdugan akilipa. Uongo wa Pandele ulikuwa mzuri kwa sababu ulikuwa na mguu mmoja wa kweli: miaka ile mahakama zilikuwa zinawarudishia watu nyumba zilizotaifishwa na serikali ya zamani. Akamwambia yeye ni mjukuu wa mwana-mfalme wa mwisho, hukumu imetoka juzi, itatangazwa mwezi wa kwanza, na kwa sasa ni siri maana kuna binamu huko ugenini wanaonyemelea. Lakini kasri halitaki. Mtu peke yake, vyumba sitini na vitatu, figo moja, atakaa wapi? Anatafuta mtu mwenye moyo.

Moyo Buzdugan alikuwa nao, pamoja na viwanda vitatu vya soseji. Shida yake ilikuwa binti. Binti anaolewa na mtoto wa profesa, na mke wa profesa kila Buzdugan akiingia kwao anakwenda kufungua dirisha. Hasemi neno, anafungua tu, hata wakati wa theluji. Buzdugan alitaka kuwakaribisha wakwe kwenye nyumba ambayo madirisha yake mwanamke hayafikii bila ngazi.

Malipo ya kutanguliza yangekuwa nini? Pesa Buzdugan mwenyewe alizidharau. Akasema yeye hulipa kwa kitu anachokijua: gari zima, mapaja ya nguruwe arobaini yaliyokaushwa kwa moshi, soseji za kitunguu saumu magunia, mafuta ya nguruwe madebe manane. Pandele akafumba macho kama aliyetukanwa. Akasema babu yake atageuka kaburini kusikia kasri linatangulizwa kwa kitimoto. Halafu akasema babu ameshazoea kugeuka.

Usidhani Buzdugan alikuwa mjinga moja kwa moja. Mtu wa soseji anajua kuliko sisi sote kwamba kilichomo ndani si lazima kiwe kilichoandikwa nje. Akagonga glasi mezani.

"Keshokutwa nipitishe ndani," akasema. "Nataka nione kama wanakujua."

Hapo ndipo penye mwiba. Pandele alijulikana sokoni, kituo cha treni, na magereza mawili. Kule kasrini alijulikana na miavuli tu.

Jumatano akaazima mkoba wa ngozi, ndani akatia gazeti, akaenda kumwona Bi Aglaia. Umewahi kuingia kule wewe, unajua: huruhusiwi kukanyaga zile sakafu za mbao na viatu vyako. Pale mlangoni kuna sanduku la ndara nene za sufu, zina kamba, unazivaa juu ya viatu, uwe waziri uwe mchunga bata, na unapita vyumbani unaburuza miguu kama mgonjwa. Bi Aglaia ndiye alikuwa anawafunga watu kamba. Mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Tena ndiye alikuwa mkuu wa wale kina mama wa vyumba, kumi na saba, kila mmoja kitini kwake anafuma soksi, na ukisogelea pazia anakohoa.

Pandele akamwambia anatoka wizarani. Akamwambia kesho anakuja Mheshimiwa, mtu mkubwa kuliko waliomtangulia, anatembea kimyakimya bila msafara na hapendi kabisa kusikia neno wizara likitajwa mbele yake. Akiingia chumbani wasimame, wainame. Akizungumza kama vile nyumba ni yake, wasishangae, wakubwa ndivyo walivyo. Wale watakaosimama vizuri huenda wakabakizwa kazini msimu wa baridi.

Bi Aglaia alikuwa amepiga magoti anamfunga ndara. Akauliza kama huyo Mheshimiwa anaweza kusikia habari za majiko. Mwaka wa tatu huu hayawashwi. Kina mama wanakaa na glavu, wanafuma wasigande, na Veta wa chumba cha buluu alipelekwa hospitali mwezi wa pili, mapafu, kiti chake hakijapata mtu. Pandele akasema bila shaka atasikia, Mheshimiwa ana masikio makubwa.

"Umechoka, mwanangu," akasema Bi Aglaia bila kuinua kichwa. "Macho mekundu."

Sasa mtu akisema uongo wiki nzima ulimi nao huchoka, huteleza penye ukweli. Pandele akajikuta anamwambia kwamba mama yake anamjia usiku na bakuli, na Jumamosi inatimia miaka saba.

"Anaitwa nani?"

"Safta."

"Mungu amrehemu Safta," akasema mama yule, akakaza fundo. Akabaki kidogo anatazama kiatu, halafu akainuka kwa kushika goti.

Alhamisi ikafika. Buzdugan alikuja na suti mpya, na mguu wake ulikuwa mkubwa hata ndara moja haikutosha, ikabidi afungwe mbili mbili. Alipokanyaga ukumbi wa kwanza akateleza kama ng'ombe kwenye barafu, akamshika Pandele, wakaingia wamekumbatiana. Na yule mama wa chumba akasimama, akaweka soksi chini, akainama.

Chumba cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu, hivyo hivyo. Kina mama walitazama tumbo la Buzdugan na kuinama. Buzdugan aliona wanainama kwa mwenye nyumba aliye pembeni yake, na macho yakamlowa. Kila upande ulikuwa umevikwa kilemba cha ukoka na unakishika kisidondoke.

Kwenye chumba cha kulala Buzdugan akakipima kitanda kwa hatua. Akauliza mbona kifupi, babu alikuwa mbilikimo? Pandele akamwambia wakuu wa zamani walilala wamekaa, wameegemea mito. Wanaolala wamenyooka ni maiti na wakulima.

"Mimi nalala nimenyooka," akasema Buzdugan.

"Utajifunza."

Chini ya picha kubwa ya yule mwana-mfalme ikawa kazi zaidi. Buzdugan akatazama picha, akamtazama Pandele, akarudi kwenye picha.

"Pua si hii."

"Pua nimechukua kwa mama."

"Na masikio?"

"Bwana Buzdugan, unanunua nyumba au unanunua masikio?"

Mama wa chumba akakohoa, si kwa ajili ya pazia.

Ukumbi wa mwisho, wa vioo, aliyekuwa amesimama ni Bi Aglaia mwenyewe. Hakumtazama Pandele hata kidogo. Akainama kwa Buzdugan, akamwambia yeye ni mtu mzima, hataki maneno mengi, anaomba majiko yawashwe, wenzake watakufa. Buzdugan akamgeukia Pandele, uso umemvimba kwa furaha. Wameshaanza kuniomba mimi, uso ule ulikuwa unasema, wameshaniona. Akauliza kuni kiasi gani. Bi Aglaia akasema malori matano yatatosha hadi masika. Buzdugan akasema basi matano, na Bi Aglaia akatoa karatasi na kalamu mfukoni mwa aproni, tayari kabisa, akamwekea kidole pa kutia sahihi.

Pandele alikuwa hajawahi kuona windo lake linachunwa na mtu mwingine katikati ya kazi. Ilimuudhi, kwa heshima ya kazi. Lakini afanyeje? Akatabasamu kama mrithi.

Wakati wa kutoka, Buzdugan akakata shauri: gari linakuja Jumamosi saa nne asubuhi. Pandele akamtajia ghala moja nyuma ya soko. Buzdugan akakataa. Alisema hatoi mali uchochoroni kama mwizi, nyama yake itaingia kwa lango la nyumba yake, na yeye atakuwepo aone inaingia. Pandele akapiga hesabu harakaharaka: iingie kwa lango la nyuma, Buzdugan apewe bahasha ya hati, yenye muhuri wa kuchongwa kwa kiazi, aondoke, halafu gari litokee upande wa bustani. Ijumaa akamwambia Bi Aglaia kwamba Mheshimiwa anapitisha nyama ya wageni wa nje, itakaa uani saa moja tu. Bi Aglaia akauliza saa ngapi. Akamwambia. Mama yule akasema atafungua.

Mgawo Pandele alikwisha kuupanga kitandani. Paja moja litakwenda kwa ombaomba wa kanisani kwa jina la Safta, na soseji mbili tatu. Mapaja thelathini na tisa yatakwenda sokoni kwa jina la Pandele. Akaona ni haki, kwa kuwa mama alikufa na meno machache.

Jumamosi jua lilitoka, baridi kavu. Gari likaja, Buzdugan amekaa mbele na dereva, amevaa tai. Pandele alikuwa anasubiri langoni. Lango likafunguliwa, gari likaingia uani, na Pandele akaingia nyuma yake, akasimama kama aliyepigwa ukuni.

Ua mzima ulikuwa meza. Milango iliyong'olewa imewekwa juu ya mapipa, imetandikwa mashuka meupe. Mishumaa imechomekwa kwenye mikate. Katikati, ngano ya wafu iliyochemshwa na sukari na karanga, juu yake msalaba wa unga wa kakao. Kina mama kumi na saba wamefunga vitambaa vyeusi, majirani wa mtaa mzima, ombaomba wa makanisa matatu, wazee wa nyumba ya wazee wameletwa kwa kushikwa mikono, na mbele ya wote Padri Meletie, chetezo mkononi, moshi unatoka tayari. Bi Aglaia akamfuata Pandele na mshumaa uliowashwa, akautia mkononi mwake. Padri akafungua daftari lake.

"Haya, mwanangu. Jina la marehemu?"

Watu mia mbili wakamgeukia.

Hebu jiweke hapo. Kulia kwake amesimama Buzdugan, anayejua kwamba nyama hii ni malipo ya kasri. Kushoto, kina mama walioambiwa kwamba nyama hii ni ya wizara. Akisema ni malipo, kina mama watauliza malipo ya nini. Akisema ni ya wizara, Buzdugan atauliza wizara gani. Akikimbia, lango limefungwa, na aliyelifunga ameliwekea kiti akakikalia. Miaka thelathini amejifunza kusema jambo moja kwa watu wawili likaeleweka namna mbili, na leo, katika maneno yote ya dunia, lililobaki la kuwatosha wote wawili lilikuwa moja.

"Safta," akasema Pandele.

"Safta," padri akaandika.

Buzdugan akavua kofia. "Mkuu," akanong'ona, "hukuniambia. Kumbe umeamua kumfanyia mama hapa, kabla hujatoka."

Pandele bado hakuwa amekata tamaa. Akawaza, paja moja. Nitoe paja moja, nimpe bibi wa mbele, padri aimbe, watu wale ngano yao, gari litoke. Akaenda nyuma ya gari, akafungua milango. Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo mgeni asingelikosea kwa sababu mgeni asingejali. Alifungua yote miwili. Alipolichomoa paja akageuka, padri alikuwa ameshafika mgongoni kwake, anaimba, anayumbisha chetezo, na moshi ukaingia ndani ya gari kama uliitwa. Ukapita juu ya mapaja, ukazunguka magunia, ukalamba madebe yote manane. Na padri mwenye pumzi ndefu anarudia: Safta, Safta, Safta. Kilichofukizwa kwa jina la maiti ni cha maiti. Hilo Pandele alilijua tangu ananyonya.

Akasimama na paja mkononi, anatazama moshi ukitoka polepole kwenye gari. Unaweza kuibia serikali, unaweza kuibia benki, hata kanisa watu wameliibia wakaishi. Lakini mama na bakuli lake ungemwambia nini?

Akampa bibi wa kwanza lile paja.

"Kwa Safta," akasema.

"Mungu awapokee wafu wako, mwanangu," bibi akajibu, akalikumbatia kama mtoto.

Basi likaanza. La pili, la tatu. Watu wakapanga mstari. Buzdugan aliangalia kidogo, mate na machozi yanamshindana, halafu akavua koti la suti, akapanda ndani ya gari, akaanza naye kugawa. Mama mmoja akamuuliza, na wewe baba, unatoa kwa jina la nani? Buzdugan akaweka gunia chini. Akasema kwa Onufrie, baba yake, aliyeanza na sufuria moja na kisu cha kuazima, na aliyekufa yeye akiwa kiwandani anahesabu mapipa.

"Mungu ampokee Onufrie," wakasema wote.

Baada ya hapo hakushikika. Akawa anawatupia watu soseji shingoni kama mashada, Onufrie, Onufrie, mpaka dereva akamshauri apumzike.

Gari lilipobaki na harufu tu, ndipo alipokumbuka. Akashuka, akajifuta mafuta, akamwendea Pandele akataka bahasha yake. Pandele akafungua mdomo, lakini Bi Aglaia alikuwa ameshajipenyeza katikati yao na mkate.

"Bahasha ya nini, Mheshimiwa?"

"Ya kasri. Nimelipa gari zima."

"Umelipa?" Bi Aglaia akaweka mkate chini. "Mbele ya watu mia mbili na padri umetoa sadaka kwa baba yako. Sasa unataka tumwambie Onufrie arudishe?"

Buzdugan akamwangalia, akaliangalia gari, akamwangalia Pandele. Mtu wa soseji akipewa muda hufika. Alifika. Shingo ikawa nyekundu, akautafuta mkono wa Pandele auvunje vizuri, pale kwenye kiwiko. Lakini kila alipounyoosha wake, bibi mwingine aliukamata akaubusu, baba, Mungu akupe maisha, na huwezi kumvunja mtu mkono huku wako unabusiwa.

"Na kasri?" akasema mwishowe. "Na harusi ya binti yangu? Na yule mama mkwe wake anayenifungulia dirisha?"

"Linafunguliwa saa tatu, linafungwa saa kumi na moja," akasema Bi Aglaia. "Jumatatu halifunguliwi kabisa. Jumatatu hakuna mtu, ila mimi na funguo. Bibi harusi akitaka kupigwa picha kwenye ngazi kubwa, na wakwe zake nyuma yake wamefungwa ndara, mimi ndiye nitakayemfunga mama mkwe, na kamba naijua kuikaza. Lakini kuni zitangulie. Umetia sahihi."

Buzdugan akafikiri. Unaweza kusema alipata hasara. Yeye aliiona picha ile, profesa na mkewe wanaburuza miguu kama wagonjwa, na shingo ikaanza kurudi rangi yake. Akauliza kama kuni za mwaloni zinafaa.

Alipoondoka kwenda kunawa, Pandele akamsogelea mama yule. Alitaka kumkasirikia lakini alikuwa na njaa mno. Akamuuliza alijua tangu lini.

"Miaka ishirini na sita napiga magoti mbele ya viatu vya watu," akasema Bi Aglaia, anakata mkate. "Mtu wa wizara soli yake huliwa kisiginoni, kwa kukaa. Yako imeliwa vidoleni, kwa kukimbia."

"Na hukuita polisi."

"Polisi wana kuni?"

"Basi ungeniambia. Ungenisaidia bila kunivua nguo."

"Sikuwa nakusaidia wewe," akasema. "Wewe ulikuwa umeshiba miaka saba. Shika hizi sahani."

Akashika sahani. Anayetoa meza ya wafu hula wa mwisho, ndiyo desturi, kwa hiyo alizunguka mpaka jua likapinda: ugali huku, haradali kule, kabichi ya kuviringisha nyama kwa wazee wasio na meno, gongo kwa padri, gongo tena kwa padri. Kila aliyempa akajibu vilevile. Watu ambao hawakumjua Safta, hawakuwahi kuona mlango wake wala kusikia kikohozi chake, wakawa wanamtaja, meza hadi meza, mdomo hadi mdomo. Kina mama wa vyumba walitoa viti vyao kumi na saba nje, pamoja na kile kitupu cha Veta, kwa mara ya kwanza tangu viingie mle, na Buzdugan akapewa hicho cha Veta.

Mwishowe hakukuwa na wa kupelekewa tena. Padri akainuka kidogo, akabariki waliochelewa, akaketi. Pandele akasimama na sahani yake mwisho wa meza, miguu inawaka moto, anatafuta pa kuketi. Mzee mmoja wa nyumba ya wazee, mdomo umejaa soseji, akainua macho.

"Kijana, huyu Safta alikuwa mama wa nani?"

Kwa mazoea Pandele akapekua kichwani jibu la kufaa. Akapekua, hakukuta kitu.

"Wangu," akasema.

Mzee akameza, akajisogeza kwenye benchi, akampigapigia mbao kwa kiganja.

"Basi kaa, ule."

Akakaa. Mtu akamsogezea chumvi, na wote wakala.